Bega moja, majina manne

Bega likiuma, jina halikosekani. Jirani atakuambia ni baridi. Mwenzako kazini atakuambia umelilalia vibaya. Muuza dawa hana maswali mengi: misuli hiyo, chua hapa, meza viwili asubuhi na viwili jioni. Ukifika kwa daktari utapata jina la kitabibu, na mara nyingi litakuja na karatasi ya kipimo iliyogongwa muhuri. Bega langu la kulia lilipewa majina manne. Matatu ya kwanza hayakuwa yenyewe, na kinachonifanya niandike ni kwamba kila moja kati ya hayo matatu lilikuwa na ushahidi wake. Hakuna daktari aliyebuni kitu. Ultrasaundi ilionyesha kweli kilichoandikwa, na MRI vilevile. Ila kilichoonekana sicho kilichokuwa kikiuma.

Nianze na maumivu yenyewe, kwa kuwa ndiyo ushahidi uliopuuzwa kuliko wote.

Yalianza usiku. Nilikuwa nimetoka kuugua mafua makali, nimepata nafuu, nimesharudi kufundisha. Nililala mzima, nikaamshwa na maumivu ambayo sikuwahi kuyajua. Hayakuwa ya juujuu. Yalikuwa ndani kabisa, nyuma ya bega, kati ya shingo na kombe la bega, yakimwagikia mkono wa juu hadi karibu na kiwiko. Nililala chali, nikageuka ubavu, nikakaa, nikasimama. Mwishowe nikawa nazunguka chumbani nimeubana mkono tumboni. Jambo moja nililiona usiku huohuo, nikalitaja kila nilikokwenda, na halikuandikwa popote: maumivu hayakujali kama nausogeza mkono au nimeutuliza. Kano za bega zikiumia, bega hukasirika ukilitumia na hupoa ukiliacha. Hili langu lilikuwa likiwaka lenyewe, na vidonge vya kawaida havikulifanya lolote.

Ilikwenda hivyo kwa wiki kadhaa, kisha yakapungua. Nikamshukuru Mungu. Makali yaliacha nyuma kichomi kisichoisha, shoti ya hapa na pale nikinyoosha mkono kuchukua kitu, na sehemu ndogo ya ngozi upande wa nje wa bega iliyokufa ganzi. Halafu siku moja darasani nikainua chaki niandike kichwa cha somo juu ya ubao, mkono ukafika usawa wa macho ukakwama. Haukukwama kwa sababu ya maumivu. Haukuwa na nguvu, basi. Wanafunzi walidhani nimesahau tarehe.

Maumivu makali ya ghafla kwanza, udhaifu baadaye, na udhaifu wenyewe ukijitokeza wakati maumivu yanaanza kulegea. Mfuatano huo ndio uliokuwa utambuzi. Niliusimulia mara nyingi, lakini nilikuwa nausimulia kwa watu waliokuwa wakisubiri picha.

Jina la kwanza lilitoka kwenye ultrasaundi: kano mojawapo kati ya zile zinazolizungusha bega ilikuwa na mchaniko mdogo. Daktari alinionyesha kwenye skrini, doa jeusi ndani ya kijivu. Niliridhika kabisa. Mtu ukiwa umekosa usingizi muda mrefu, doa jeusi ni faraja. Una kitu cha kuelekeza kidole. Nikapewa dawa za kupunguza uvimbe na sindano ya steroidi chini ya mfupa wa bega. Sindano ile huwa imechanganywa na dawa ya ganzi, na hapo kuna siri ambayo hakuna aliyeniambia. Kama chanzo cha maumivu kiko pale ilipoingia sindano, ganzi ikishika maumivu yanapaswa kupungua sana kwa saa chache, hata kabla steroidi haijaanza kazi. Kwa hiyo sindano ni tiba na ni kipimo pia. Yangu haikubadilisha kitu, si saa ile wala wiki iliyofuata. Jibu hilo halikusomwa na mtu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliyapiga picha za MRI mabega ya watu 96 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kama theluthi moja walikutwa na michaniko ya kano. Kwa waliopita miaka 60 ilikuwa zaidi ya nusu. Watu wazima, wenye michaniko, wanaoinua mizigo yao bila kulalamika. Sisemi mchaniko hauumi. Unaweza kuuma sana. Nasema kuuona hakutoshi kuuhukumu.

Jina la pili lilikuja bila picha: bega lililoganda. Mkono haupandi, mgonjwa ni mwanamke wa makamo, maumivu ni ya usiku. Ukiandika hivyo kwenye kadi, nani hatasema limeganda? Nikapewa mazoezi ya kulivuta bega, kuupandisha mkono ukutani kwa vidole, kuuvuta kwa taulo nyuma ya mgongo. Kila nikimaliza, kichomi kilirudi na ndugu zake.

Kipimo cha kutofautisha hakihitaji mashine. Bega lililoganda hukataa kila mtu. Wewe ukijaribu kuupandisha mkono haupandi, na mwingine akikupandishia haupandi pia, kwa sababu mfuko wa kiungo wenyewe umekaza. Dalili yake kubwa ni kule kugeuza mkono kwa nje kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni: unafika mahali unagota. Mwenye tatizo la neva, yaani mshipa wa fahamu, ana hadithi nyingine. Mwenyewe hawezi kuinua, lakini mtu akiushika mkono na kuuinua taratibu, unakwenda hadi mwisho. Mdogo wangu aliwahi kuupandisha wangu mpaka sikioni huku akicheka, “Dada, mbona unapanda huu?” Ulipanda. Alipouachia ukaanguka. Yeye hakusomea udaktari, na mimi wala sikujua kwamba nimeshapimwa.

Jina la tatu ndilo lililokaribia kunipeleka kwenye kisu, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Safari hiyo daktari alisema, kwa haki kabisa, kwamba ganzi na shoti ni lugha ya neva, na neva za mkono zinatoka shingoni. MRI ya shingo ikafanyika. Ikarudi na maneno ambayo ukiyasoma peke yako usiku huwezi kulala tena: diski kati ya pingili ya tano na ya sita imechomoza, kuna uchakavu, nafasi ya kutokea neva ya sita imepungua. Daktari wa upasuaji alinieleza kwa upole jinsi diski inavyotolewa kwa kupitia mbele ya shingo na pingili mbili kuunganishwa. Hakunishurutisha. Aliniachia nikafikirie, akaniandikia tarehe ya kurudi.

Shingo ina pingili saba lakini jozi nane za mizizi ya neva. Mizizi kuanzia wa tano hadi wa nane, pamoja na wa kwanza wa kifua, hukutana na kusukana nyuma ya mtulinga, ikagawanyika tena kuwa neva za bega, mkono na vidole. Msuko huo ndio kiini cha mkanganyiko wote. Ukibanwa mzizi shingoni utasikia begani. Ikiumia neva baada ya msuko, utasikia palepale au karibu yake. Lakini ramani hazifanani, na mpimaji mzuri husoma ramani. Mzizi wa sita ukibanwa, maumivu au ganzi huelekea kidole gumba, msuli wa mbele wa mkono hulegea, na daktari akigonga kano ya kiwiko kwa kile kinyundo cha mpira, mkono haurushi kama wa upande wa pili. Wa saba huelekea kidole cha kati na hulegeza msuli wa nyuma ya mkono. Wa tano hubaki begani, na ndiyo maana huchanganya zaidi. Kuna na kipimo ambacho daktari mpasuaji wa Marekani, Spurling, alikieleza na mwenzake mwaka 1944: kichwa kinainamishwa nyuma na upande wenye maumivu, kisha kinakandamizwa kidogo. Kama mzizi umebanwa, maumivu huteremka mkononi. Wengi wenye mzizi uliobanwa pia hupata nafuu wakiweka kiganja juu ya kichwa, na utawakuta wamekaa hivyo kwenye benchi la kusubiria daktari.

Mimi sikuwa na hata kimoja. Gumba langu lilikuwa zima, kinyundo kilirusha mikono yote miwili sawasawa, na kuweka kiganja kichwani ndilo jambo nisiloliweza. Nilikuwa na picha tu. Na picha za shingo zina desturi ileile ya picha za bega. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2015 matokeo ya MRI za shingo za watu 1,211 wasio na dalili zozote: asilimia 87.6 walikuwa na diski zilizochomoza. Ukipiga picha shingo za watu wazima wanaopita barabarani, utapata diski iliyochomoza kama yangu kwa karibu kila mmoja.

Tangu hapo nina swali moja ninalolipenda kuliko yote mbele ya daktari: hiki kilichoonekana kwenye picha kinaeleza hiki nilichonacho? Ni swali la adabu na halimvunjii mtu heshima. Anayejua kazi yake hulipokea vizuri sana. Atakaa, atalinganisha, wakati mwingine atakuambia hapana.

Wakati nasubiri tarehe ya kurudi kwa daktari wa upasuaji nilipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, “ujiandae kabla ya kisu.” Alikuwa mama mmoja wa maneno machache. Alisoma rufaa, akaifunga, akaiweka kando. “Mwalimu, vua blauzi unipe mgongo.”

Kabla ya hapo sikuwa nimevua nguo mbele ya yeyote kati ya walionipima. Waliniinua mkono juu ya shati, walinibonyeza juu ya shati. Nalisema hili bila ubishi: tatizo la bega lililopimwa juu ya nguo halijapimwa.

Akaniambia niinue mikono yote miwili mbele, taratibu, halafu niishushe taratibu zaidi. Tena. Tena. Kwenye kupanda hakusema neno. Kwenye kushuka alinisimamisha katikati, akaomba ruhusa anirekodi mgongo kwa simu, kisha akanionyesha. Upande wa kushoto, kombe la bega liliteleza juu ya mbavu na kurudi, laini, limelala. Upande wa kulia lilikuwa likirudi vizuri mpaka mkono ulipofika usawa wa bega, hapo ncha yake ya chini na ukingo wa ndani vikaruka nje, ngozi ikavutika, pakatokea kishimo ambacho kidole kingeingia. Akanipeleka ukutani, nisukume kwa viganja viwili. Kombe la kulia likasimama wima kama bawa. Juu yake, pale palipotakiwa kujaa nyama, palikuwa pamenywea. Nilikuwa natembea na mgongo ule kwa miezi na sikuwahi kuuona, na nani huuona mgongo wake?

Akanigeuza, akanibana kiwiko ubavuni, akaniambia nisukume mkono kwa nje dhidi ya kiganja chake. Kushoto nilimsukuma. Kulia alinishinda kwa kidole kimoja.

“Huu msuli wa ubavuni una neva yake, na huo wa nyuma ya bega una yake,” akasema. “Hizo mbili hazipiti njia moja. Diski moja haiwezi kuchagua hizi mbili ikaacha misuli mingine yote. Rudi kwa daktari wa neva. Usirudi kwa wa mifupa kwanza.” Akaandika barua kwa mkono, mistari michache. Ndiyo karatasi ya maana kuliko zote kwenye faili langu, na ndiyo pekee isiyo na picha.

Misuli aliyoitaja ni hii. Ule wa ubavuni hushikilia kombe la bega dhidi ya mbavu, na hulishwa na neva moja ndefu inayotoka kwenye mizizi ya tano hadi ya saba na kuteremka pembeni mwa kifua bila kinga kubwa. Ikilala, kombe huchomoza. Ule wa nyuma ya bega hulishwa na neva nyingine, inayopita kwenye kishimo kidogo juu ya kombe, chini ya kano ngumu, kabla ya kuzungukia nyuma. Hii ya pili ina mashaka yake hata peke yake: huweza kubanwa pale kishimoni, au kubanwa na uvimbe wa majimaji unaoota kando ya kiungo, na wachezaji wa mpira wa wavu ni miongoni mwa wanaoipata zaidi kwa ajili ya ile mikono ya kupiga juu. Maumivu yake huwa mazito, nyuma ya bega, na watu huyatibu kama kano kwa miaka.

Daktari wa neva hakutaka kuona picha kwanza. Aliuliza: lilianzaje? Nikasimulia usiku ule. Akauliza kama nilikuwa nimeugua kabla. Mafua. Akauliza udhaifu ulianza lini ukilinganisha na maumivu. Akauliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kupatwa na kitu cha namna hiyo, kwa sababu ipo aina adimu ya kurithi. Akauliza kama nakosa pumzi nikilala chali, kwani neva ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, nayo huweza kuguswa. Alipomaliza maswali alikuwa ameshapata jibu, akaniambia vipimo vilivyobaki ni vya kuhakikisha na kuondoa mengine.

Jina la nne ni ugonjwa wa Parsonage na Turner, ambao madaktari wa neva huuita amiotrofia ya neuraljia. Waingereza hao wawili walieleza wagonjwa 136 katika jarida la Lancet mwaka 1948, wengi wao askari wa vita iliyokuwa imekwisha juzi tu. Mwili, mara nyingi baada ya maambukizi, upasuaji, chanjo au kazi nzito isiyo ya kawaida, unageuza kinga yake dhidi ya ule msuko wa neva. Homa ya ini ya aina ya E ni mojawapo ya maambukizi yanayojulikana kuuamsha. Hushambulia hapa na pale, huacha hii na kuchukua ile, na ndiyo maana ramani yake haifanani na ya diski. Kwa muda mrefu uliaminika kuwa adimu mno, watu wawili au watatu kwa mwaka katika kila 100,000. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walitoa hesabu nyingine. Waliwafundisha kwanza madaktari wa kawaida wa mitaani kuutambua, kisha wakahesabu wagonjwa wa bega, shingo na mkono waliofika kwao. Wakapata kama mtu mmoja katika kila 1,000 kwa mwaka. Ugonjwa haukuongezeka. Macho ndiyo yaliyoongezeka.

Sasa kipimo cha EMG, ambacho kina uongo wake wa aina yake. Ni kile cha kuchomwa sindano nyembamba msulini na kusikiliza umeme wake kwenye spika. Msuli mzima ukitulia hunyamaza, uliopoteza neva hutoa vishindo vidogovidogo kama redio isiyokamata. Kinauma, lakini kinavumilika. Tatizo ni wakati. Alama hizo huchukua kama wiki tatu kujitokeza baada ya neva kuumia. Ukipimwa wiki ya kwanza utaambiwa neva ni nzima, na karatasi hiyo itakufuata kila mahali. Pia msuli usiochomwa hauna ushahidi: ukipimwa vidole na kiwiko peke yake, kwa shida iliyoko kwenye kombe la bega, utatoka na cheti safi. Mimi nilichomwa msuli wa ubavuni na wa nyuma ya bega kwa sababu barua ya yule mama ilisema wachome hapo. Vilevile EMG husikia nyuzi za nguvu tu. Mwenye maumivu ya neva yaliyo kwenye nyuzi ndogo za hisia anaweza kuwa na EMG safi na bado anaungua.

Wasomaji wengi hawatakuwa na ugonjwa wangu, najua. Kwa mwenye bega lisilopona na anayehisi ni neva, naona faida kubwa iko kwenye kupanga maelezo kabla ya kuingia chumbani, maana dakika ni chache na ukianza na “linauma tu” umeshaongozwa kwenye vidonge. Ipo orodha ya maswali iliyotungwa Ufaransa mwaka 2005, inaitwa DN4, ina vipengele kumi, na ukipata vinne au zaidi maumivu yako yaelekea kuwa ya neva. Huuliza kama yanaunguza, kama yana ubaridi unaouma, kama ni ya shoti ya umeme. Kama mahali pale panachonyota, panachomwachomwa, pamekufa ganzi au panawasha. Kisha mpimaji anagusa aone kama hisia imepungua kwa kidole na kwa ncha ya sindano, na kama kupapasa tu kwa brashi kunaamsha maumivu. Hili la mwisho lilinihusu sana: mkanda wa mkoba ulikuwa adhabu. Orodha haisemi neva ipi. Inasema tu acha kuhangaika na kano.

Kuhusu neva ipi, andika siku ilivyoanza na ulichokuwa umekipitia wiki chache kabla. Andika kama ni maumivu yaliyotangulia au udhaifu. Jipige picha au video ya mgongo ukishusha mikono. Na taja upasuaji wowote wa shingo hata ukiwa mdogo. Mtu aliyetolewa tezi pembeni mwa shingo kisha bega likaanza kuning’inia anaweza kuwa amekatwa neva ya msuli wa juu ya bega, na yeye mwenyewe haunganishi mambo hayo mawili. Anayelala na mkono juu ya kichwa akaamka vidole vimekufa ganzi, au anayelegea mkono akibeba kitu begani, huenda anabanwa kati ya misuli ya shingo, mtulinga na ubavu wa kwanza. Aliyewahi kuteguka bega aulizie neva inayolizunguka, kwa kuwa huvutika kwenye tukio hilo. Na maumivu ya kuunguza ya upande mmoja yasiyo na sababu, yakifuatwa siku chache baadaye na malengelenge, ni mkanda wa jeshi, na dawa yake hufaa zaidi ikianza mapema.

Kuna mambo ambayo hayasubiri miadi. Bega au mkono kuuma pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kukata: hospitali, sasa hivi. Vidole kuwa vizito kufunga vifungo, miguu kuyumba, mkojo kubadilika: hapo uti wa mgongo wenyewe unabanwa, si mzizi. Bega la kushoto kuuma baada ya kuanguka au kupigwa tumboni linaweza kuwa wengu limepasuka na damu inachokoza kiwambo, kwa sababu neva ya kiwambo hutoka shingoni karibu na neva za bega. Nyongo nayo hufanya mchezo huo upande wa kulia. Na kwa mvutaji sigara hasa, bega lisilopona, kope moja kulegea, mboni upande huo kuwa ndogo na mkono kunywea ni sababu ya kupiga picha ya kifua na kutazama kilele cha pafu. Uvimbe wa pale unaitwa kwa jina la Pancoast, mtaalamu wa eksirei aliyeueleza miaka ya 1920 na 1930, na umeshatibiwa kama bega kwa watu wengi mno.

Nilirudi kwa daktari wa upasuaji nikiwa na barua na EMG. Alisoma zote mbili, akaniomba nivue blauzi nisukume ukuta. Akatazama kwa muda. “Hii si yangu,” akasema, akafuta tarehe kwa kalamu yake mwenyewe, akamwita daktari kijana aliyekuwa chumba cha pili aje naye aone. Nikasukuma ukuta tena. Heshima yangu kwake iliongezeka siku hiyo.

Utambuzi haukuja na dawa ya kuponya. Steroidi za vidonge husaidia baadhi ya watu zikianza mapema kabisa, wakati ule wa maumivu makali, na mimi dirisha hilo lilishafungwa wakati bado tunachua kano. Neva hukua upya kwa mwendo wa kama milimita moja kwa siku. Pima kutoka shingoni hadi ubavuni utaelewa kwa nini watu hupewa hesabu ya miaka miwili, mitatu. Kwa wachache ambao hakuna dalili ya kurudi, ultrasaundi ya neva yenyewe inaweza kuonyesha mahali ilipojinyonga katikati, na hao wapo madaktari wanaowafungulia. Mimi sikufika huko.

Kilichobadilika ni mambo ya kila siku. Mazoezi ya kuvuta taulo na kuinua uzito yakasimamishwa, kwani msuli wenye neva chache huchoka upesi na majirani zake wakiufanyia kazi huzalisha maumivu mapya ya kwao. Nikafundishwa kuinua mkono nikiwa nimelala chali, kombe limekandamizwa na kitanda, marudio machache, kupumzika kabla ya kuchoka. Kwa kichomi cha usiku nikaanzishiwa amitriptilini kiasi kidogo. Hukausha mdomo na asubuhi hukuacha mzito, kwa hiyo naimeza mapema jioni. Kano bado ina mchaniko wake. Diski bado imechomoza. Zote ziko kimya.

Kwenye ubao nimehamia nusu ya chini, na tarehe huandikwa na mwanafunzi mrefu. EMG ya mwisho imeonyesha msuli wa nyuma ya bega umeanza kupata neva tena. Wa ubavuni bado unasuasua, na daktari anataka kuurudia kuupima baada ya miezi sita.